Ndala Ukingoni mwa Kisima

Mlinzi alipofungua lango la hoteli kuingiza basi la watalii, Bi Mize alipita nyuma ya basi, ndoo mkononi, kamba begani. Alipofika kwenye bwawa la kuogelea alivua ndala, akaziweka pembeni, kama anavyofanya kila mtu wa mtaani kwake akikaribia kisima.

Mlinzi, kijana wa jirani yake aitwaye Shaibu, alimfuata mbio. "Shikamoo, Bi Mize. Hapa hairuhusiwi. Wageni wanaoga."

"Marahaba. Tangu lini watu wakaoga ndani ya kisima?"

"Hili ni bwawa, bibi."

"Na pampu yenu inavuta wapi? Tangu muiwashe, kisima chetu kimebaki tope. Maji yamehamia huku, nami nimeyafuata."

"Yametiwa dawa. Hayanyweki."

"Nitafulia."

Akatumbukiza ndoo. Ikazama, ikajaa, akaivuta juu ikimwagika. Kisha akawapungia mkono waliokuwa majini watoke, kama anayefukuza mbuzi shambani. Mmoja alikuwa ameinua simu ampige picha, akaishusha. Wakatoka, wakasimama wakichuruzika maji.

"Shaibu!" meneja alifoka kutoka mapokezi. "Mtoe huyo!"

Shaibu akageuka kutazama lango aliloliacha wazi. Wanawake wa mtaani walikuwa wanaingia na ndoo zao, na aliyetangulia alikuwa mama yake, tayari ameshika ndala mkononi.

Shaibu akainama, akaanza kufungua kamba za buti zake.