Nipo Njiani

Sheria ilitaka kila mtengeneza silaha za mchezo wa kompyuta aonje mwilini mwake kila pigo la silaha yake mchezoni, kama mpishi aonjavyo mchuzi, mpaka mwenye seva, mtambo uendeshao mchezo, azime maumivu kwa kidole chake. Shomvi alikuwa ametengeneza panga. Pigo la kwanza lilimshukia begani. Ngozi haikuchanika, lakini alianguka sakafuni akilia kama mbuzi wa kuchinjwa.

Mkewe, Mwanaisha, alimpigia simu mwenye seva. "Bwana Kitwana, zima! Mume wangu anakufa!"

"Nipo njiani, shemeji."

"Njia gani hiyo yenye mlio wa kopo na ndoo? Si unaoga!"

"Shemeji nawe! Mwambie avumilie. Nimeshawafungulia wachezaji mchezo, na hilo panga wamelipenda mno."

Mwanaisha alimtia mumewe mwiko kati ya meno. Panga likashuka shingoni, likashuka tena, na mwiko ukavunjika. Katika chumba cha pili binti yao alishangilia: "Mama, njoo uone! Nimemkata mwingine!"

Mwanaisha alikimbia, akampokonya kifaa cha kuchezea mchezo. Aliporudi, Shomvi alikuwa bado akirukaruka sakafuni, kwa mapigo ya watoto wa watu.