L au R

"Safari hii hatuandiki jina la bandari!" Chilumba, msimamizi wa ghala, aliingia akihema. "Mnunuzi anataka jina la mji wetu, Bi Somoe!"

Brashi ilimponyoka Somoe. Miaka ishirini alikuwa akipiga chapa magunia ya ufuta, na kila gunia liliondoka na jina la kwa watu.

"Kulikoni?"

"Mataifa mawili makubwa yamepandishiana ushuru. Aliyekuwa akinunua ufuta kule, sasa anakuja kwetu."

"Vita vya panzi!" mpakiaji mmoja alipaza sauti.

"Furaha ya kunguru!" ghala zima likamjibu.

Somoe alichukua bati jipya la chapa na patasi. Akatoboa herufi ya kwanza na ya pili, kisha mkono ukasita. Jina alilolitamka tangu utotoni hakuwahi kuliandika hata siku moja. Inayofuata ni L au R? Wapakiaji wakagawanyika, kila upande ukiapa.

"Ramani inasema R," Chilumba alisema.

"Ramani haijawahi kuvuna ufuta," alijibu Somoe, akagonga L.

Alipolisukuma gunia la kwanza kwa mgongo ili lipande lori, rangi ilikuwa bado mbichi. Jina likahamia kwenye kanga yake, kinyumenyume. Hakuivua. Alipita nayo sokoni taratibu, mgongo kaunyoosha, na nyuma yake watu wakalisoma kwa sauti, kila mmoja na herufi yake.