Kitone cha Rangi ya Kucha

"Salha, wewe unayesomea mambo ya simu, niambie. Nimemkosea nini dada yangu?" Bibi aliuliza huku akichambua mchele. "Huu mwezi wa pili nampigia kila asubuhi, hasemi neno."

"Labda ni mtandao, Bibi. Hebu mpigie nione."

Bibi alijifuta mikono kwenye kanga, akachukua simu. Macho yake yalishaingia ukungu, kwa hiyo alikipapasa kioo kwa kidole gumba. "Alama yangu ilibanduka yenyewe," alisema, "lakini mahali pake napajua."

Salha alikikazia macho kioo. Likizo iliyopita alikikuta kitone cha rangi nyekundu ya kucha kwenye kioo hicho, akakikwangua akidhani ni uchafu. Kisha akaipanga skrini upya, safi na yenye nafasi, kama wanavyofundishwa chuoni. Mwalimu wake alilionyesha darasa zima picha ya kazi ile, nao wakampigia makofi.

Kidole cha Bibi kilibonyeza palepale palipokuwa na kitone. Zamani hapo palikuwa na jina la dada yake. Sasa palikuwa na tochi.

Bibi akaiweka simu sikioni. Taa ikawaka upande wa nyuma, ikammulika Salha usoni.

"Dada? Kama nimekukosea, nisamehe," Bibi alisema, akasubiri. "Unaona? Kimya."

Salha alifumba macho. Hata hivyo mwanga ulipenya kope, mwekundu kabisa, na Bibi alikuwa bado anasubiri kujibiwa.