Kichupa Kisichoganda

Kabla ya kukificha ndani ya chupa ya chai iliyojaa barafu, alikiinamisha kichupa. Majimaji yakateleza taratibu, mazito kama asali. Ndicho chenyewe. Kimeng'enya cha maabara yao kilichanganywa na gliserini, hakigandi kwenye friza. Kikiganda, ujue umeshika maji matupu.

Mara ya kwanza kuiba nusura azirai. Siku hizi moyo ulishakufa ganzi. Aliiba kama anavyofua nguo.

"Dada, hiyo chai yako mbona hatuionji hata siku moja?" mtunza panya wa maabara alimtania mlangoni.

"Ya mgonjwa hii," akajibu, na wala hakudanganya.

Mgonjwa ni bintiye, mtoto wake wa pekee. Mwili wake haukuweza kutengeneza kimeng'enya hicho, misuli ikawa inanyauka kuanzia miguuni. Madaktari walishasalimu amri. Pale maabara, bakteria waliopandikizwa jeni ya binadamu walikitengeneza, lakini kwa utafiti tu. Kila kichupa kiliandikwa kwa wino mwekundu: kisitumiwe kwa binadamu.

Sindano ya kwanza ilimtesa mtoto. Alivimba uso, akatetemeka hadi asubuhi.

"Vumilia mwanangu, ndiyo dawa inafanya kazi hiyo," mama alimwambia huku amemkumbatia.

Zilizofuata hazikumfanya kitu. Mwili umezoea, mama akajisemea. Tena siku hizi binti mwenyewe ndiye aliyekuwa akikitoa kichupa kwenye friza ya nyumbani na kukipasha kiganjani kabla mama hajarudi kazini. Kikiwa cha baridi kinauma, alisema. Na kila akishachomwa: "Mama, leo nasikia nafuu." Mama aliitazama ile miguu, akaamua kuuamini mdomo.

Kichupa alichokiiba jana kililala kwenye friza nyumbani. Leo asubuhi mkuu wa maabara aliwaita wote kwenye chumba cha panya.

"Jamani, njooni mjionee!"

Panya waliochomwa kimeng'enya hicho, waliokuwa wakijiburuta wiki chache nyuma, walikuwa wanapanda waya za kizimba.

"Kinafanya kazi," mkuu alisema, anacheka peke yake. "Haki ya Mungu, kinafanya kazi! Vichupa vilivyobaki vinasafirishwa leo kwenye maabara kubwa. Sisi yetu tumemaliza."

Watu wakapiga makofi. Mama naye akapiga, na ndipo ganzi ikaanza kumtoka, inachoma kama ya mguu uliokaliwa. Kinafanya kazi! Na kile cha mwisho anacho yeye, nyumbani kwake. Akadanganya kwamba kichwa kinamuuma, akaomba ruhusa, akaondoka mbio.

Alifika binti yuko chumbani. Hakusubiri hata kuvua viatu. Akafungua friza, akakitoa kichupa nyuma ya mfuko wa maharage.

"Mama? Mbona mapema hivyo?" Sauti ilikuwa na wasiwasi. Miguu ikasikika ikiburuta sakafuni, inaharakisha. "Usikiguse! Nakuja kukipasha mwenyewe. Mama, ile ya mwisho imenisaidia kweli, nakwambia!"

Mama alikiinamisha kichupa, kwa mazoea tu.

Akakipindua juu chini. Hakuna kilichoteleza.