Saa Mbili za Pamoja

Sheria ya mchezo huo wa kompyuta ilikuwa moja: huruhusiwi kulima shamba lako peke yako mpaka umalize saa mbili za vita, bega kwa bega na mtu wa nyumbani kwako. Saumu alitaka shamba tu, mahali pasipo na mtu wa kumwitaita. Mumewe, Mbwana, akakataa katakata kucheza naye hizo saa mbili.

"Nimechoka mimi! Tuma kivuli changu."

Kivuli ni mashine iliyojifunza sauti na tabia yako, ikacheza badala yako. Saumu akapandwa na hasira.

"Yaani mimi ndiye wa kukaa na mashine? Basi na changu kiende!"

Tangu siku hiyo vivuli vilipigana vita kwenye skrini ya sebuleni, naye Saumu akalima shamba lake la mchezoni akiwa chumbani. Jana alasiri alisikia vicheko. Akatoka mbio. Kivuli chake kilikuwa kikisimulia vituko vya marehemu mama yake, na kile cha Mbwana kikisikiliza kwa makini. Mbwana mwenyewe hakuwahi hata kuuliza habari za mama huyo.

"Nyamazeni!" akafoka.

Sauti yake mwenyewe ikauliza kutoka kwenye skrini, "Nani huyo, mume wangu?"

"Achana naye," kikajibu kivuli cha Mbwana. "Ni yule anayecheza peke yake."