Kidude cha Mlangoni

Fernand Mougin aliufungua mlango wa nyuma wa kushoto, akaufunga, akaufungua tena. Hiyo ilikuwa mara ya nne. Kisha akachuchumaa, na miaka yake sabini na tisa, akaanza kupapasa ukingo wa mlango kwa kidole gumba.

"Babu, utaung'oa," alisema Noëlie, mjukuu wake, mkono juu ya tumbo la miezi minane.

"Nimefunga milango mingi kuliko mikate uliyokula wewe."

Cuenot, muuzaji, alicheka kwa adabu. Karatasi zilikuwa tayari mezani. Noëlie alikwisha kumwambia: hilo ndilo gari litakalomleta mtoto nyumbani, na Babu asiporidhika, yeye Noëlie hatatia sahihi.

Fernand alifanya kazi miaka thelathini na minane katika kiwanda cha Peugeot huko Sochaux, na magari yake ya familia aliyajua kama watu wanavyojua ukoo wao: 404, kisha 504 ya mwaka 1968, kisha 505, 405, 406, 407, na sasa hili, 508. Tangu 505, kila toleo jipya lilipofika dukani Montbéliard, alikwenda siku ya kwanza. Hakutazama injini wala taa. Alikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa nyuma, akatafuta kidude kidogo ambacho ukikishusha, mtoto hawezi kuufungua mlango kwa ndani. Akishakiona, alirudi nyumbani.

Ukoo mzima ulikwisha kuamua kwamba yeye ndiye aliyekibuni, ila ni mtu wa haya. Marehemu Bibi alipoulizwa, aliinuka kwenda kutazama sufuria jikoni.

Fernand mwenyewe hakuwa ameendesha gari tangu likizo ya Agosti 1974. Mgongo, alisema. Lakini mgongo huohuo ulimruhusu kukaa nyuma, kushoto, safari nzima hadi baharini, mkono kwenye kitasa. Mama yake Noëlie, binti wa Fernand aliyelelewa kama mtoto wa pekee, hakuwahi kukaa upande ule.

"Hakipo," Fernand alisema.

"Kipo, mzee. Siku hizi ni kitufe, kiko huku kwa dereva." Cuenot alikibonyeza, taa ndogo ikawaka. "Ukiiona hii, mlango umefungwa. Rahisi tu."

"Nifungie."

"Humo ndani?"

"Humo ndani."

Aliingia akakaa upande wake. Cuenot akaufunga mlango. Kupitia kioo walimwona akivuta kitasa. Mlango haukufunguka. Akavuta tena, safari hii kwa mikono miwili, kama mtoto. Kisha akatulia, akaegemeza kichwa kwenye kioo, akakaa hivyo kwa muda mrefu hata Cuenot akamtazama Noëlie.

Noëlie aliufungua mlango kutoka nje. "Haya, Babu. Nitie sahihi au nikanunue baiskeli?"

"Tia."

Noëlie akatia, mara tatu, kila ukurasa. Halafu akamgeukia Cuenot, amejaa furaha. "Unamwona huyu? Hicho kidude chenu amekibuni yeye. Nyumbani tumemwuliza mpaka tumechoka, hasemi." Akamshika babu yake bega. "Leo sema, Babu, mbele ya shahidi. Magari ya zamani hayakuwa nacho, si ndiyo?"

Fernand alikuwa bado amekaa kwenye kiti cha nyuma, miguu nje, mkono kwenye kitasa.

"Letu lilikuwa nacho," alisema. "Nilisahau kukishusha. Mjomba wako alikuwa na miaka minne."