Alama ya Rangi ya Kucha

"Tabo, ile feni ya kusukumia injini hewa, ilivunjika, vipande vikaingia kwenye injini," alisema fundi Mashaka. "Kuifufua ni hasara, mama. Chukua ya mtumba, ni nafuu."

Bi. Chausiku alimfuata kwenye duka la vipuri lililopakana na gereji. Shemeji yake Hamdani, mdogo wa marehemu mumewe, alibaki nje kwenye gari akidai harufu ya oili inamuumiza kichwa.

Muuzaji akawaonyesha injini iliyooshwa ikang'aa. Bi. Chausiku aliinama kuitazama, akaganda. Ubavuni palikuwa na nukta nyekundu yenye mkia. Ilikuwa rangi yake ya kucha, alama ileile anayoitia kwenye vitako vya sufuria zake zinapoazimwa shughulini, zisije zikabadilishwa. Aliponunua gari aliitia na kwenye injini, watu wakamcheka.

"Hii imetoka wapi?"

"Ng'ambo, mama. Imeshuka juzi tu."

Alirudi kwenye gari, akafunua boneti, akasugua ubavu wa injini iliyokufa kwa upindo wa kanga. Masizi yakatoka. Alama haikuwepo. Basi siku zote hizi alikuwa akiendesha injini ya nani? Na gari halijawahi kulala kwingine, ila pale Hamdani alipoliazima kwa harusi ya rafiki yake.

"Shemeji, twende duka jingine," Hamdani alisema nyuma yake. "Hawa bei yao mbaya."

Muuzaji alikuwa hajataja bei. Bi. Chausiku akatemea mate upindo wa kanga, akaendelea kusugua palepale.